Pumzi Kumi

Saa nane mchana, pasi ikiwa bado ya moto mezani, Fundi alimnyima mtu maji. Alifanya makusudi. Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke aliyejifunga gunia kiunoni, ameketi kwenye ngazi za jumba lililobomoka, midomo imepasuka kwa kiu. Alinyoosha kikombe bila kusema kitu. Chini kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno mawili, MPE upande huu na PITA upande ule, na katikati yake uzi mwekundu ukaanza kuungua kutoka ncha zote mbili. Uzi ule maisha yake ni pumzi kumi. Fundi alizihesabu moja moja, na ya tisa ilipofika akabonyeza PITA.

Kisha akangoja. Kule ndani ya gemu jua lilikuwa dogo na la rangi ya chai ya maziwa, vumbi likielea taratibu kama unga unaochekechwa. Redio ikakwaruza, na sauti ya mumewe ikasema:

"Umempita. Sawa. Lakini usidhani umemwacha kule. Tangu sasa utatembea naye."

Fundi akafumba macho. Aliiacha ile sauti imshukie, mabegani, mgongoni, mpaka kwenye vidole vilivyokuwa vikimuuma kwa mkasi. Ilipokwisha akarudi nyuma hatua moja, akamkuta tena yule mwanamke ngazini, akamnyima maji mara ya pili.

Nyuma yake, kwenye kiti cha dirishani, alikaa mwenye sauti. Miguu yake ilikuwa imefunikwa shuka, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoombwa kumshikia mtu, na macho yake yalikuwa kwenye mgongo wa mke wake.

Watu walimwita Spika. Miaka ishirini na tisa alisimama stendi ya mabasi akiita safari, na hakuna aliyewahi kuachwa na basi akasema hakusikia. Binti yao wa mwisho, ambaye nyumbani hawakuacha kumwita Kitinda ingawa alikuwa na miaka thelathini na moja, aliandika maneno ya gemu kwenye karakana moja ya mjini inayotengeneza michezo ya kompyuta. Gemu yenyewe ilihusu watu waliobaki baada ya dunia kuharibika. Jua limechoka, visima vimeingia chumvi, na wewe unayecheza ni mmoja wa waliosalia. Kila ukienda kidogo unafika njia panda, na kila njia ina mambo yake. Palihitajika sauti ya mzee anayewaongoza waliosalia kwa redio, na Kitinda akasema, mzee huyo yuko kwetu anakunywa chai.

Maneno yalikuwa mafungu mia nne na kumi na mawili. Spika alisema mia tatu na kumi na mawili. Jumanne moja aliinama kufunga kamba ya kiatu, na alipoinuka, ulimi wake ukawa umebaki chini. Kiharusi. Muuguzi wa hospitali alisema anasikia yote na anaelewa yote, ila maneno yanachelewa njiani, kwenda na kurudi. Mpeni muda, alisema. Nao waliitikia, kama watu wanavyoitikia hospitali.

*

"Mama, leo umeua wangapi?" Kitinda aliuliza akivua viatu mlangoni.

"Sijaua mtu. Nimewanyima tu."

"Na yule wa darajani?"

"Yule alijitakia. Nani alimwambia asimame katikati?"

Kitinda akacheka, akaenda kumbusu baba yake kwenye paji la uso, akamfuta kona ya mdomo kwa leso. "Baba, unaona mkeo amekuwa jambazi? Mwanamke aliyekuwa akimrudia mteja kumpa kitambaa kilichobaki, hata kama ni cha kufutia miwani."

Ilikuwa kweli, na sababu yake Fundi hakuwahi kuisema. Katika gemu ile, ukitenda wema, Mwenye Redio anakuacha uende zako. Ukikosea ndipo anasema nawe. Kwa hiyo Fundi, ambaye jirani zake walimjua kwa mkono mwepesi wa kutoa, alikuwa ametembea dunia nzima iliyoungua akipora vibuyu na kufunga milango, ili asikie mumewe akimgombeza.

Tena yale magombezo aliyajua. Alikuwepo yaliposemwa. Siku ya kwanza ya kurekodi, Spika aliingia kwenye kile chumba kilichozibwa magodoro ukutani, akatazama kipaza sauti, akatoka. "Mimi siongei na bati," alisema. Stendi hakuwahi kuita basi kabla hajaona nani anasafiri. Mwenye mtoto mgongoni humwita hivi, mwenye haraka zake humwita vile. Basi ikabidi Fundi aingie naye, akalie ndoo iliyofudikizwa, na kila fungu Spika alisema akimtazama yeye. Alishona mapindo mengi mle ndani. Alinyimwa maji, akafukuzwa, akasamehewa, akaitwa mwanangu, yote usoni kwake, huku sindano ikienda.

Kitinda alikaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia vitambaa, akaanza kuzungusha kidude cha chaki. Fundi akajua kuna jambo.

"Bosi anakuja kesho," Kitinda alisema. "Mafungu mia yaliyobaki. Gemu inatoka mwisho wa mwezi ujao, haiwezi kusubiri zaidi."

"Anataka nini huku?"

"Njia ziko mbili. Ya kwanza, atafutwe mtu mwingine, aseme yote upya kuanzia la kwanza. Hapo ya Baba inafutwa. Ya pili," akapunguza sauti, ingawa chumba kilikuwa kimoja na baba yake hakuwa mbali hata hatua nne, "kompyuta inasikiliza yale mia tatu ya Baba, inajifunza sauti yake, halafu inasema yenyewe yaliyobaki. Husikii tofauti. Ila mwenye sauti lazima akubali. Kuna karatasi."

Fundi aliweka mkasi chini. Moyo wake ulipiga kama wa msichana aliyeletewa barua. Mafungu mia mapya. Maneno ambayo hajawahi kuyasikia, kwa sauti ile ile.

"Atakubali," alisema.

Hakuna aliyegeuka kumtazama aliyekuwa dirishani.

*

Bosi alikuwa kijana mstaarabu mwenye miwani na soksi za rangi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akamwendea Spika, akainama, na kwa kuwa aliona mtu asiyesema huenda pia hasikii, akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, mzee."

Spika akamtazama. Kuna kitu kilianza safari usoni mwake, kikasogeza shavu la kushoto, kikafika karibu na mdomo.

"Marahaba, anasema marahaba," Fundi alidakia. "Karibu kiti, baba. Chai?"

Kitu kile kikageuka kikarudi kilikotoka.

Bosi alieleza vizuri. Alisema sauti ya mzee ndiyo roho ya gemu nzima, kwamba wanaoijaribu pale karakana wanaacha kubonyeza ili wamsikilize tu. Alimwambia Fundi hayo yote, na kila alipotaja "mzee" alielekeza kidole gumba nyuma yake, pale kitini, kama anayeonyesha kabati alilokuja kununua. Kitinda alikuwa akitazama sakafu. Fundi aliliona lile dole linavyoelekezwa, akaona aibu kidogo, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu.

"Yeye mwenyewe anaonaje?" Bosi aliuliza hatimaye, bado akimtazama Fundi.

Fundi akageuka. "Mzee, umesikia. Kompyuta itakusaidia kumalizia. Unakubali, si ndiyo?"

Spika alimtazama mkewe. Mkono wa kushoto, ule mzima, uliacha shuka. Ulipanda taratibu kidogo, ukasimama hewani, ukapanda tena. Haukuwa umefika kokote. Ungeweza kuwa unakwenda kifuani kukubali, ungeweza kuwa unakwenda kukataa. Bosi akatazama saa yake kwa adabu, chini ya meza. Fundi aliuona ule mkono njiani na akajua, kwa namna mke anavyojua, unakwenda wapi.

"Amekubali," alisema, na akaushika ule mkono kabla haujafika.

Akaushusha kwenye kigoda kilichokuwa kando ya kiti. Kidude cha wino kilikuwa tayari. Alilikandamiza dole gumba la mumewe kwenye wino, kisha kwenye karatasi, kwa uangalifu, kama anavyobana kitambaa chini ya mguu wa cherehani. Spika hakuvuta mkono. Alimwacha afanye. Alimtazama tu mpaka alipomaliza, naye Fundi akalifuta lile dole kwa mate na kona ya khanga, akaongea na Bosi habari za mvua.

*

Jioni hiyo Spika alifunga mdomo kijiko kilipokaribia. Fundi akadhani ameshiba. Kesho yake asubuhi vivyo hivyo, akanywa uji kwa mkono wake mwenyewe, nusu ukaenda kifuani, na alipotaka kumfuta akageuza uso. Kitinda alipomlisha alikula. Basi Fundi akamwachia Kitinda kijiko, akasema moyoni, wagonjwa wana vituko vyao.

Wiki ya pili Kitinda alileta gemu mpya, akaiweka kwenye kompyuta, akaenda kazini. Fundi aliacha sare tano bila vifungo, akakaa.

Alipita njia anazozijua. Alipita mji wa madirisha matupu, ambako mapazia bado yanapepea ingawa kuta zimeondoka. Alivuka mto wa mchanga ambao ukikanyaga unasikia maji yakitiririka chini sana, kama mtu anayezungumza usingizini. Alifika kwenye mlima ambao kabla ya siku hiyo ulikuwa kimya kwa kuwa mafungu yake hayakuwahi kusemwa. Redio ikakwaruza.

"Njoo, mwanangu. Nimekungoja siku nyingi. Hapa kuna maji matamu, na hakuna atakayekuuliza ulikotoka."

Fundi aliweka mkono kinywani. Ni yeye. Ni yeye kabisa, mpaka ule mkwaruzo mdogo kwenye kila mwisho wa sentensi. Alirudi nyuma akamsikiliza tena. Mara ya tatu akatabasamu. Mara ya nne, bila kujua kwa nini, mikono yake ilitafuta kitu cha kushona.

Alirudi mpaka kwa yule mwanamke wa ngazini, akamnyima maji, akaisikiliza sauti ya zamani. *Umempita. Sawa.* Hapo baada ya "sawa" palikuwa na pengo dogo. Aliikumbuka siku hiyo. Alijichoma sindano, na Spika alipokuwa akisema aliona damu kidoleni mwake, akasita, akamwinulia nyusi kumuuliza umeumia, kisha akaendelea, na sauti ilipoendelea ilikuwa imelainika. Kila fungu lilikuwa na jambo kama hilo. Hapa alipiga chafya. Hapa alisinzia juu ya ndoo, Spika akasema kwa nguvu ili amwamshe. Sauti ile ilikuwa imejaa yeye.

Akarudi mlimani. *Njoo, mwanangu.* Ilikuwa tamu, na haikusita popote. Ilitoka kama maji ya bomba lililosahauliwa wazi, mtu awepo asiwepo. Sauti hii haikuwa ikimtazama mtu.

Akiwa amekaa hivyo, kikamjia kama vile vilivyokuwa vikimjia utotoni, wakati yeye na dada zake walipokuwa wakitegeana mpaka usingizi uwashike. Kitendawili. Nina waume wawili, jina lao moja: mmoja anasema nami haniangalii, mwingine ananiangalia hasemi nami. Jibu lake lilikuwa chumbani, na alilijua kabla hajageuka.

Akageuka.

Spika alikuwa ameinua mkono wa kushoto, ameubana kwa nguvu juu ya sikio. Sikio moja. Lile la pili lilikuwa wazi, kwa kuwa mkono wa kuliziba haukuwepo, na machozi yalikuwa yakimtoka upande wa uso ulio hai. Mlimani, gemu ilikuwa imebaki pale pale, na sauti yake ikaanza upya yenyewe kumwita asiyekuwepo: njoo, mwanangu, nimekungoja.

Fundi alichomoa waya ukutani.

Alikaa chini sakafuni, mbele ya kiti. Tangu ile Jumanne alikuwa akisema kwa ajili ya watu wawili; sasa alisema kwa ajili yake peke yake.

"Nilikuibia," alisema. "Nimekaa na wewe miaka thelathini na saba sijakuibia hata shilingi ya mfukoni. Nimekuja kukuibia hii."

*

"Mama, karatasi imeshapigwa dole," Kitinda alisema. "Imeshakwenda kwa mwanasheria. Siwezi kurudi pale niseme tumebadilisha mawazo kama watu wanaorudisha kitambaa dukani."

"Dole lilikuwa lake. Nguvu ilikuwa yangu."

"Na ikifutwa? Unajua nini kinafutwa? Yote. Hata ile ya zamani. Watamleta mtu mwingine. Wewe ndiye uliyekuwa unashinda humo ndani, si mimi."

"Najua."

"Na mimi pale nitaonekanaje?"

Fundi alikuwa akimvalisha Spika shati jeupe, lile la stendi, akimpitisha mkono wa ugonjwa kwanza kisha ule mzima. "Utaonekana mtoto wa watu wazito kuelewa," alisema. "Niletee viatu vyake. Vile visivyo na kamba."

Karakana ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa na karatasi iliyoandikwa MBOVU, karatasi yenyewe imechakaa kwa uzee. Walipanda kwa miguu. Kila baada ya ngazi nne Spika alisimama, nao wakasimama. Wafanyakazi wawili waliwapita wakishuka, wakarudi wakiwapita wakipanda na soda zao mkononi. Kitinda alikuwa akitoka jasho la haya. Ghorofa ya pili alisema, "Ningemwita Bosi ashuke," na mama yake akasema, "Hatujachoka."

Chumba kilikuwa na meza nyingi na vijana waliovaa vile vizibo vya masikio vya kusikilizia, kila mmoja akitembea peke yake kwenye dunia iliyoungua. Bosi aliinuka haraka, akavuta viti, akainama.

"Shikamoo, mzee."

Ulimi wa Fundi ulikuwa tayari kwenye meno. Aliung'ata. Bosi akabaki ameinama kama mtu aliyedondosha kitu, akamtazama Fundi amsaidie, naye Fundi alikuwa akitazama ukuta. Ikapita pumzi moja, na nyingine. Shavu la kushoto likasogea. Spika aliinua mkono wa kushoto akauweka kifuani, na kooni ikatoka sauti moja ya chini, isiyo na herufi, ambayo hakuna mtu mle ndani ambaye angeshindwa kuielewa.

Bosi akanyooka polepole. "Ahsante, mzee," alisema, na safari hii hakupaza sauti.

Fundi alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. "Mzee. Hawa wanataka kompyuta iseme kwa sauti yako maneno ambayo wewe hukuyasema. Mimi nilikubali. Wewe hukukubali, nami nilikuona, nikaushika mkono. Sasa nakuuliza wewe. Unataka, au hutaki?"

Kitinda alisimama karibu na dirisha. Bila kukusudia alikuwa anahesabu. Yeye ndiye aliyeuweka ule uzi kwenye gemu. Aliona pumzi kumi zinatosha, watu wasije wakachoka kungoja, na anayenyamaza gemu imchagulie. Zikafika kumi. Feni ilikuwa ikigeuza uso upande huu na upande ule. Simu ikalia mezani, mwenyewe akaizima. Ishirini. Bosi alifungua mdomo, na Kitinda akamwinulia kiganja asiseme. Vijana wawili walivua vizibo masikioni, wakageuza viti. Thelathini, arobaini. Akaona jambo ambalo alikuwa amekaa nalo nyumba moja miezi minne bila kuliona: uso wa baba yake haukuwa umelala. Ulikuwa ukifanya kazi. Mtu alikuwa anapanda ngazi mle ndani, nne nne, akisimama, akiendelea.

Mkono ukainuka. Safari hii hakuna aliyeushika. Ulipanda mpaka kooni, ukagusa pale sauti ilipokuwa ikitokea zamani, ukabaki hapo. Kisha Spika akatikisa kichwa. Upande mmoja. Baada ya muda, upande wa pili.

"Hataki," Bosi alisema.

"Ngoja amalize," Fundi alisema.

Akatikisa tena. Basi.

Bosi alivua miwani akaifuta. Hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia Spika mwenyewe. "Mzee, nikuambie ukweli. Hapo itabidi nimtafute mwingine, aseme yote. Yale mafungu yako mia tatu siwezi kuyaacha humo, mtu mmoja hawezi kuwa na makoo mawili. Yatafutwa. Umeelewa hilo?"

Wakangoja tena. Fundi alihisi kitu kinaporomoka ndani yake, mji wa madirisha na mto wa mchanga na lile jua la chai, na alitamani sana, sana, kusema neno moja tu. Alishika magoti ya mumewe.

Spika alikubali kwa kichwa. Alikuwa ameelewa.

"Nakala ninaweza kuiweka nyumbani," Kitinda alisema kwa haraka. "Zile za zamani tu, kwenye simu. Mama, nikuwekee?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

Kitinda akaja, akachuchumaa. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Baba. Nikuhifadhie?"

Hilo halikuchukua muda mrefu kama lile la kwanza. Spika alimtazama Fundi, akamtazama mpaka yeye akainamisha uso, na shavu la kushoto likapanda juu. Alikubali mara moja.

Karatasi iliyokuwa na dole ilichukua siku mbili kurudi kutoka kwa mwanasheria. Bosi aliileta mwenyewe, akamkabidhi mwenye dole.

*

Aliyekuja badala yake alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Kitinda alisema si mbaya, ila anatamka kila neno kama atakayekusahihishia daftari. Walimketishia mtu mbele yake, ili aseme akimtazama. Bosi alimwekea huyo kiti kabisa mle chumbani. Fundi hakuuliza zaidi. Kwa wiki nzima kompyuta ilifunikwa kitambaa cha mapazia, na sare zote za watu zikapata vifungo. Simu yenye zile sauti ilikaa kabatini. Mara moja aliitoa, akaifuta vumbi, akairudisha. Spika alikuwa amekubali kijiko tena, kisha akakataa, na safari hii Fundi alitambua kwamba anakataa kwa kuwa anataka kukishika mwenyewe, akamfunga kitambaa kifuani akamwachia. Mlo ulichukua saa nzima. Ukipoa, ulipashwa.

Jumamosi mchana Kitinda aliingia na gemu iliyokwisha.

"Bosi amenigombeza," alisema, akiwa mchangamfu kuliko aliyegombezwa. "Nimeweka kitu bila kumwomba. Mwanzoni kabisa mtu anaulizwa, unataka uzi, hutaki uzi. Ukisema hutaki, hakuna kuungua. Njia panda inakungoja mpaka utakapoamua, hata kesho."

"Akasemaje?"

"Akasema nani atacheza gemu ya namna hiyo. Nikamwambia namjua mmoja. Basi akaniambia niiache."

Walisogeza meza mpaka dirishani. Kitinda alimwonyesha baba yake vibonyezo viwili, cha kushoto na cha kulia, vyote akavisogeza upande wa mkono mzima. Kisha akaenda kulala, maana wiki nzima hakuwa amelala sawasawa. Fundi akarudi kwenye cherehani. Alikuwa na kola sita.

Spika alitoka kwenye vumbi akiwa mmoja wa waliosalia, hana kitu, hana redio. Alitembea vizuri kule ndani. Fundi alikuwa akimtupia jicho. Mzee yule alitembea katikati ya barabara iliyopasuka kama mtu anayetoka kazini, na kwa kuwa hakuna uzi uliomkimbiza, alisimama pasipo na sababu, akatazama ndege mmoja aliyebaki akizunguka juu ya mnara. Fundi hakuwahi kumwona ndege huyo. Naye alikuwa amepita pale mara mia.

Ikafika njia panda. Jiwe, na maneno mawili. Kulia, KILIMANI. Kushoto, MJINI. Fundi aliijua. Kilimani kuna kisima na watu wema na moto wa kuota. Mtu yeyote mwenye akili huenda kilimani. Mji huo, tofauti na ule wa madirisha matupu, hakuwahi kuuingia hata katika ujambazi wake wote, kwa sababu maandishi ya kwenye jiwe yalisema hakuna aliyerudi.

Kola ya kwanza ikaisha. Spika alikuwa anatazama jiwe. Jua la dirishani lilitoka mezani likashuka sakafuni, likagusa vipande vya vitambaa. Kola ya pili ikaisha. Mara mbili Fundi alifungua mdomo kumwambia, kulia, mzee, kulia kuna maji, na mara zote mbili akauziba kwa uzi wa kushonea. Nje watoto walikuwa wakigombana kwa raha. Kola ya tatu. Ndani ya gemu upepo mdogo ulikuwa ukivuma na kutulia, ukivuma na kutulia, na mtu aliyesalia alikuwa amesimama pale, hachoki.

Kikalia kibonyezo.

Fundi aliinua macho. MJINI.

"Huko hakuna aliyerudi," alisema.

Spika akageuka akamtazama. Akangoja.

Fundi alizima cherehani. Alikata uzi, akachomeka sindano kifuani mwa nguo yake ili isipotee, akachukua kigoda akakiweka upande wa kushoto, penye mkono mzima, pale ambapo wote wawili wangeona kioo.

"Haya," alisema. "Twende huko huko."